Zuhura, Herufi Zile Nazijua

Mwanangu Zuhura,

Baba yako amechinja jogoo. Si sikukuu, hatuna mgeni, na hakuna mtoto aliyezaliwa. Jogoo mwenyewe ni yule mwekundu aliyekuwa akimsifia mbele za watu utadhani amemzaa yeye. Amemchinja asubuhi, amemnyonyoa kwa mikono yake, na mchana ameniletea supu kitandani, akasimama mlangoni kuhakikisha nainywa. Nilipomuuliza kulikoni, akasema, "Si jogoo tu, Mama Zuhura. Kunywa." Nimeishi na mwanamume huyu tangu sijaota mvi hata moja, na sijawahi kumjua kwa jogoo. Kwa hiyo alipotoka tu nikashika kalamu.

Salamu nitakupa mwishoni, zikibaki. Kwanza nikwambie ninachokishuku, maana katika watu wote ninaowashuku siku hizi, wewe ndiye wa kwanza. Nashuku kwamba unaujua ugonjwa wangu na umenificha. Nashuku umemwambia baba yako, umemwambia na shangazi yako Mwanahawa, ukaniruka mimi mwenye mwili. Tena sishuku hewani. Nina herufi tatu nilizozisikia kwa masikio yangu pale hospitalini, wewe na daktari mkizipitisha juu ya kitanda changu.

Simu nimejaribu. Lakini simu iliyopo hapa ni ya baba yako, na siku hizi nikikupigia anakaa karibu yangu kama askari wa zamu. Na wewe nikikuuliza swali la maana, mtandao unakatika. Nikikuuliza hali ya hewa ya huko Tabora, mtandao unarudi. Mtandao gani huo wenye akili za binadamu? Ndiyo maana nimeandika, na bahasha sitaigundisha. Nitampa mwenye boti ya Nyamisati, na atakayetaka kuisoma njiani na aisome. Mimi sina cha kuficha. Wenye vya kuficha ni nyinyi.

Unaukumbuka msimu ule tulipokaa madunguni, mimi na wewe? Ulikuwa mwaka wako wa kwanza chuo cha uuguzi. Ulirudi Mbwera likizo, ukashuka botini umenuna, hata kamba wa nazi niliokuwekea hukuwagusa. Kesho yake ndipo ulipofungua mdomo: umefeli mtihani wa vifupisho, zile herufi ambazo manesi na madaktari huziandika na kuzisema badala ya maneno. Ulikuwa unazichanganya zote. Chuo kilikupa nafasi ya kuurudia mtihani kikifunguliwa, na ukifeli tena basi, urudi nyumbani ulime mpunga na mama yako.

Mpunga nao ndio ulikuwa unaanza kujaza maziwa, na kwelea wanashuka makundi kwa makundi kana kwamba tumewaalika. Wewe mwenyewe unajua kwetu mpunga ukifika hapo nyumba hufungwa, watu wakahamia shambani, kila mmoja juu ya dungu lake, kile kijumba cha fito juu ya nguzo ndefu, kuamia ndege tangu kunakucha mpaka jua linazama. Wewe ulitaka ubaki nyumbani usome. Nikakwambia hao ndege hawana habari na mtihani wako.

Wazo lilikuwa lako, sikunyang'anyi. Ulikata maboksi ya sabuni vipande vipande, ukaandika herufi upande mmoja na maana yake kwa Kiswahili upande wa pili, ukanijazia kikapu kizima nipande nacho dungu langu la kando ya mto. Wewe ukapanda lako kule kwenye mikoko. Mimi nachukua kipande, naita herufi kwa sauti yangu yote. Wewe kule unaita maana. Ukipatia, navuta kamba ya makopo ya kufukuzia ndege. Ukikosea, navuta vilevile, kwani ndege wanajua nini kupatia na kukosea?

"BD!" naita.

"Mara mbili kwa siku!"

"PRN!"

"Pale... pale mgonjwa anapohitaji!"

Ndege wote wanaruka. Watu wa madungu ya jirani mwanzoni walidhani mama na mwana tumegombana. Baadaye wakazoea, mpaka yule mzee wa upande wa chini akawa anapaza sauti, "Nyie watu wa mtoni, hebu irudieni hiyo ya mwisho! Na huku kwangu wamekimbia!"

Lakini mimi zile herufi sikuzipenda tangu siku ya kwanza. Unakumbuka tulivyobishana wakati wa kula, miguu yetu inaning'inia dunguni?

"Kwa nini wasiandike maneno mazima?" nilikuuliza.

"Kuokoa muda, mama."

"Muda wa nani? Wa mgonjwa au wa kwao?"

"Mama nawe! Hospitali ina watu wengi."

"Kwani sokoni hakuna watu wengi? Mbona samaki anaitwa samaki? Mtu akikatakata maneno mbele yangu ana jambo lake huyo. Mie simwamini."

Ulicheka mpaka ukapaliwa na muhogo. Ulidhani natania.

Hata hivyo nilikusaidia, kwa sababu nilitaka ufaulu kuliko nilivyotaka kushinda ubishi. Niliona herufi hazikai kichwani mwako kwa kuwa hazina mtu ndani yake. Nikakwambia kila moja tuipe mtu au kitu cha hapa kwetu. OD, mara moja kwa siku: hivyo ndivyo baba yako anavyonisemesha akiwa amenikasirikia. BD, mara mbili: maji ya bahari yanavyojaa mtoni. TDS, mara tatu: watu wa Dar wanavyokula. QID, mara nne: Mwislamu aliyekosa swala moja. NPO, asipewe kitu mdomoni: mchana wa Ramadhani. PRN, pale inapohitajika, hiyo hatukuhangaika nayo. Tulitazamana tukasema pamoja, "Shangazi Mwanahawa," maana huyo haonekani kwetu mpaka ahitaji sufuria.

Na STAT, yaani fanya sasa hivi, usingoje. Hiyo tuliipa nguruwe aliyeingia shambani. Kisha siku moja nguruwe akaingia kweli, dume zima, akawa analaza mpunga wangu. Mimi nilipomwona, jina la nguruwe likanitoka kichwani kabisa, nikapiga kelele, "STAT! Zuhura, STAT!" Hukushuka kwa ngazi wewe. Uliruka, ukaja mbio kwenye tope, kanga imebaki nyuma, unagonga sufuria kwa mwiko, mpaka yule mnyama akatimkia mikokoni. Tulicheka siku nzima. Tangu hapo ikawa yetu. Nikisema STAT, unaacha ulichoshika unakuja. Hukuwahi kuniuliza kuna nini kwanza.

Kipande kimoja tu ndicho kilichotushinda. Nilikiita jioni moja, "TLC!" na wewe ukanyamaza. Nikadhani umesahau. Nikakigeuza, nyuma umeandika: apendwe na atunzwe. Ulipokuja kula nikakuonyesha.

"Hiyo nayo ni dawa?" nikakuuliza.

"Si dawa, mama. Wanasema hivyo pale dawa zinapofika mwisho. Mgonjwa anarudi kwao, anapewa anachotaka, hasumbuliwi tena."

"Na mwenyewe anaambiwa?"

"Inategemea," ukasema.

Mimi nikakichukua kile kipande nikakiweka chini kabisa ya kikapu. Hatukukitafutia mfano. Mtihani uliufaulu, ukanipigia simu huku unalia, na mimi nikalia peke yangu jikoni kisha kwa baba yako nikausingizia moshi.

Sasa tuje mwaka huu. Tumbo langu lilipoanza kujaa huku mwili unapukutika, uliomba ruhusa kazini ukaja mpaka huku, ukanipandisha boti, ukanipakiza gari, ukanifikisha hospitali kubwa Dar. Njia nzima umenishika mkono. Hilo silisahau, na Mungu akulipe. Walinipima, wakanichukua damu, wakanipaka tumboni yale mafuta ya baridi wakanipitisha kwenye mashine. Kisha akaja daktari, kijana mpole, mwenye viatu visivyotoa sauti. Mtu anayetembea bila kusikika mimi sielewani naye.

Mlisimama wewe upande huu na yeye upande ule, mkazungumza Kiingereza juu ya tumbo langu. Kiingereza sikijui, na nyote wawili mlilijua hilo. Nikawa naangalia feni. Katikati ya maneno yenu nikasikia PRN, na moyoni nikasema, Mwanahawa huyo! Nilikaribia kucheka. Halafu daktari akashusha sauti akasema TLC. Wewe ukaitikia kwa kichwa, ukainama ukanifunika miguu, na miguu yangu ilikuwa imefunikwa tayari.

Mwanangu, ulisahau ni nani aliyekuwa ameshika kikapu.

Tulipotoka nje ukaniambia, "Ni vidonda vya tumbo tu, mama. Ukapumzike, utapona." Sauti uliyotumia naijua. Ndiyo ileile ya utotoni, ulipokuwa unasema umemaliza ugali wote kumbe umempa paka. Na ile chupa ya dawa ya maji uliyonipa, ukasema ninywe maumivu yakinizidi tu. Dawa ya kuponya ina saa zake, ulinifundisha mwenyewe juu ya dungu, na mgonjwa hugombezwa asipoimaliza dozi. Hii yangu haina saa. Ninywe nikihitaji, niache nikitaka, hakuna wa kunigombeza. Vidonda gani vya tumbo hivyo?

Nilijipa moyo, usidhani sikujipa. Nilisema pengine daktari alikuwa akimsema mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikaona nisiwaonee bure, niwatege kwanza.

Nikaanza na baba yako. Alikuwa anasikiliza mpira redioni, timu yake inacheza, na wewe unajua nyumba ikiungua wakati huo atatwambia tungoje mapumziko. Nikamwambia azime, kelele zinaniumiza kichwa. Akazima! Hakuguna hata kuguna. Alikaa ameishika ile redio mapajani, ananitabasamia.

Nikaenda kwa Mwanahawa, au tuseme alikuja mwenyewe, maana siku hizi anakuja kila siku na hahitaji sufuria. Nikamwambia kile kipande cha shamba tunachogombania mpaka, mimi bado nakihesabu changu. Wifi yangu huyu tumeteta juu ya mpaka huo mpaka tukaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Basi akanishika mkono akasema, "Chukua wifi yangu, lima mpaka kwenye mikoko, kwani mie nitaenda nacho wapi?" Kisha akasita, akagundua alichokisema, akaanza kunisifia mto niliolalia. Nikajikausha kama sikusikia.

Mtego wa mwisho nilimtegea tena baba yako, na nilijuta. Nilimuuliza mwakani tupande mbegu gani. Alikuwa anakunja shuka. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema ngoja kwanza akamtazame mbuzi. Zuhura, sisi hatuna mbuzi. Nilimsikia nyuma ya nyumba anapenga kamasi kwa muda mrefu, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, nikausingizia moshi, kama nilivyousingizia siku ile ya mtihani wako. Tangu hapo sijamtega mtu.

Kwa hiyo najua. Ningependa iwe roho yangu mbaya tu ya kushuku, uniambie mama nawe unazeeka vibaya. Lakini najua, na nyinyi mnajua, na humu ndani tunapitana kama watu waliovunja kitu na kila mmoja anangoja mwenzake aseme.

Hasira ninayo, na nikwambie ni ya nini. Si ya kufa. Hilo ni la Mwenyezi Mungu, sina ugomvi naye. Hasira yangu ni kwamba mmeniacha peke yangu. Baba yako akizidiwa anakwenda kulia kwa dada yake. Dada yake akizidiwa anakupigia wewe simu nyuma ya banda, namwona kwenye upenyo wa dirisha. Nyinyi mna watu wa kulia nao. Mimi mwenye ugonjwa sina, kwa sababu nikilia nitawaharibia siri yenu. Inabidi ninywe supu niseme tamu. Nimechoka, Zuhura, kuwatunza nyinyi mnaonitunza.

Najua kwetu mgonjwa haambiwi. Wanaambiwa walio pembeni yake, yeye anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, ati asivunjike moyo. Na najua wewe hukunyamaza kwa ubaya. Umewaambia wagonjwa wangapi huko kazini, lakini huyu alikuwa mama yako, ulimi ukagoma. Ningekuwa wewe huenda nami ningefunika miguu. Lakini moyo wangu hauvunjiki kwa neno, wewe wanijua. Unavunjika kwa kukisia. Naogopa, nakwambia wazi. Maumivu nayaogopa. Kuondoka katikati ya watu wanaonipenda wote na hakuna hata mmoja ninayeweza kumuamini, hilo naliogopa zaidi.

Mpunga umeanza tena kujaza maziwa. Nikiwa hapa kitandani nasikia makopo ya wenzangu, na sauti za wanawake wakiamia, na dungu langu halina mtu. Baba yako amekwenda kuliezua na kuliezeka upya, nimeona nyasi kwenye nguo zake, lakini nikimwambia anipeleke anasema, "Pumzika kwanza." Nipumzike mpaka lini? Nataka kukaa pale juu nione shamba langu likiiva. Nipandishiwe godoro, na chupa yangu ya dawa, na muhogo hata kama sitaula. Wewe anakusikiliza. Mwambie hivyo: mama amesema NPO ya shamba hataki.

Kile kipande cha mwisho nimekipatia mfano. TLC ni baba yako na ndoo ya maji kichwani, anapita mbele ya wanaume wenzake kisimani na wala hajali wanavyomtazama. Sikatai kutunzwa, mwanangu. Na supu ya yule jogoo, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu kweli. Nilichokataa ni kulishwa huku mmeniziba macho.

Salamu zimebaki kidogo. Wasalimie wenzako kazini, na kula vizuri, sauti yako kwenye simu imekonda.

Barua hii ikikufikia, usinipigie simu. Njoo. Ukifika pitia jikoni uchukue muhogo, kisha panda dungu langu mimi, lile lako liache, maana sauti yangu sasa haivuki shamba. Nitakuuliza nina nini, na wewe utanijibu kwa maneno mazima, kwa Kiswahili chetu, mpaka mwisho. Ukilia, tutalia. Ndege watakula kidogo siku hiyo, na wale.

Usiniambie utaomba ruhusa mwisho wa mwezi. Usiniulize kwanza kuna nini. Nguruwe ameingia shambani, Zuhura.

STAT.

Mama yako,
wa dungu la kando ya mto